Ngano ya Manhattan 1982: ekari 2, kilo 450 na ushee. Kosa lilikuwa wapi?

#1 Kifusi_Mtaani
Wakuu, salaam.

Kuna msanii anaitwa Agnes Denes, mzaliwa wa Budapest 1931, kazi zake nyingi kazifanyia Marekani. Mwaka 1982 alipanda ngano ekari 2 juu ya kifusi cha Battery Park, kusini kabisa mwa Manhattan, jirani na Wall Street na yale majengo pacha ya World Trade Center. Kazi aliiita Wheatfield – A Confrontation, yaani Shamba la Ngano: Makabiliano. Ardhi ile ilikuwa inathaminiwa dola bilioni 4.5.

Takwimu alizoziacha mwenyewe: malori 200 ya udongo. Mifereji ya kupandia 285, imechimbwa kwa mkono, mawe na takataka zikatolewa. Mbegu zimepandwa kwa mkono na kufukiwa. Miezi minne ya matunzo: umwagiliaji, mbolea, palizi, kuondoa fugwe (ugonjwa wa masuke), kupiga dawa ya ubwiri (ukungu wa majani). Mavuno 16 Agosti, zaidi ya paundi 1,000.

Sasa paundi 1,000 ni kilo 454. Ukigawa kwa ekari unapata kilo 227, gunia mbili na nusu za kilo 90. Wastani wa Marekani miaka ile ulikuwa kama busheli 35 kwa ekari, na busheli ya ngano ni kilo 27.2. Ekari mbili zilitakiwa kutoa karibu kilo 1,900. Huyu kapata robo, na maji alikuwa nayo, mbolea alikuwa nayo, dawa alikuwa nayo.

Wapenzi wa sanaa mnivumilie, mimi nataka majibu ya shambani. Kosa lilikuwa wapi?

#2 Mpini_Mrefu
Udongo, mkuu, wala usiende mbali.

Tipa ya kawaida inabeba mita za ujazo 8 hivi. Malori 200 ni mita 1,600. Ekari mbili ni mita za mraba 8,094. Gawanya: sentimita 20. Ukishamwagilia mara mbili tatu udongo unashuka, unabaki na 16 au 17. Chini ya hapo ni kifusi: mawe, zege, vyuma, vumbi la ujenzi, kimeshindiliwa na mitambo.

Mzizi wa ngano kwenye shamba zuri unashuka mita moja na zaidi. Hapa umegonga ukuta kwenye sentimita 17. Udongo wa kina hicho unatunza milimita 25 za maji yanayotumika, ukibahatika 30. Julai ngano inakunywa milimita 5 hadi 6 kwa siku, na inaanza kuumia kabla nusu ya akiba haijaisha. Kwa hiyo ukiruka kumwagilia siku tatu tu wakati punje zinajaa, umeshapoteza uzito. Mfumo wa maji kuwepo ni jambo moja, kufungua koki kila baada ya siku mbili ni jambo lingine.

#3 Bibi_Shamba_Narok
Mpini, hesabu yako nzuri lakini umeanzia katikati. Anza na kalenda.

Jimbo la New York ngano nyingi ni ya majira ya baridi. Inapandwa Septemba hadi Oktoba, inalala chini ya theluji, inaamka Machi ikiwa na mizizi na machipukizi tayari, inavunwa Julai. Denes kapanda Mei. Hata tukisema ni tarehe 1 Mei, hadi 16 Agosti ni siku 107. Kwa ngano ya masika siku hizo zinatosha kukomaa. Kuzaa vizuri ni habari nyingine.

Ngano inahesabu urefu wa mchana. Juni New York mchana unafika saa 15. Mmea uliochelewa unaona mchana mrefu, unakimbilia kutoa suke kabla haujatoa machipukizi ya kutosha. Badala ya masuke matatu manne kwa shina unapata moja, labda mawili. Halafu punje zinajaa Julai, na kule Julai mchana joto linagusa 29 au 30. Ngano inataka 15 hadi 25 wakati huo. Juu ya hapo siku za kujaza punje zinapungua na punje inasinyaa. Ndiyo maana huku kwetu tunapanda Narok, Timau na Njoro, Mombasa hapana.

#4 Mchokozi_wa_Pwani
Mama wa watu kapanda ngano mbele ya Wall Street, nyie mnamkagua kama afisa ugani aliyekuja kuhakiki ruzuku 😂. Mwambieni pia ajaze fomu.

#5 Hesabu_Kali
Nimeipenda hii mifereji 285. Chukulieni shamba ni mraba, mita 90 kwa 90. Gawa 90 kwa 285: mfereji hadi mfereji sentimita 32. Kiwango cha ngano ni 20, wengine wanabana hadi 15. Kwa hiyo karibu theluthi ya nafasi ilikuwa bure, inapigwa jua na kuotesha magugu.

Twende mbele. Mifereji 285 mara mita 90 ni kilomita 25 na nusu za kuchimba kwa mkono. Kilo 454 ukizigawa kwenye urefu huo ni gramu 18 kwa mita. Suke lenye punje 30, na punje elfu zina uzito wa gramu 35, linatoa gramu moja na kidogo. Maana yake mita nzima ya mfereji ilikuwa na masuke 17 ya maana. Mstari mzuri una 60 hadi 80.

Si ngano iliyochelewa tu hiyo. Hiyo haikuota vizuri.

#6 Seremala_Gichuru
@Hesabu_Kali nani amekwambia ni mraba? Ukichukua mita 60 kwa 135, mifereji 285 ikipangwa kwenye upande wa 60 unapata nafasi ya sentimita 21, safi kabisa. Ikipangwa kwenye upande wa 135 unapata 47, balaa. Bila umbo la shamba na mwelekeo wa mistari, hiyo 32 yako ni ya kufikirika.

Ila kuota nakubaliana na wewe. Mfereji wa mkono kwenye kifusi hauna kina kimoja. Hapa sentimita 3, pale jiwe limetoka ukaacha shimo la 10. Mbegu ya ngano inataka 3 hadi 5. Aina fupi zikizidi 7 au 8, ile ala inayolinda chipukizi inaishia njiani, jani linafungukia chini ya udongo na kujikunja kama chemchemi ya kalamu. Ukifukua unalikuta la njano, limekata tamaa. Mashine ya kupandia ina gurudumu la kushika kina, mkono hauna.

#7 Kijana_wa_Unga
Mbona hamjataja ugonjwa? Kasema mwenyewe kulikuwa na fugwe. Hiyo si ndiyo ile kutu ya Uganda, Ug99, iliyomaliza ngano Narok? Hapo hata ungepanda Njoro usingevuna.

#8 Bibi_Shamba_Narok
@Kijana_wa_Unga hapana, umechanganya magonjwa mawili. Ug99 ni kutu ya shina. Ilionekana Uganda 1998, miaka 16 baada ya shamba la Denes. Kutu inakaa kwenye shina na majani, ukipangusa inaacha unga mwekundu wa matofali kidoleni. Kituo cha Njoro kinapima aina za ngano kutoka dunia nzima dhidi yake.

Fugwe inakaa kwenye suke. Kuna inayogeuza suke zima kuwa masizi meusi, upepo ukipita linabaki kijiti kitupu. Kuna inayojificha ndani ya punje, ukiiponda inanuka samaki aliyeoza. Ile ya masizi inaambukiza wakati ngano inachanua: kimelea kinaingia kwenye punje changa, kinalala humo, na hukioni hadi upande punje hiyo msimu ujao. Kwa hiyo kama Denes aliona masuke ya masizi 1982, ugonjwa ulikuja na mbegu. Hakuna dawa ya kupiga shambani wakati huo. Unavisha suke mfuko wa karatasi taratibu, unakata, unachoma. Ukilikata hovyo unatimua masizi juu ya majirani wanaochanua.

Na suke moja kati ya mia likiwa na fugwe umepoteza asilimia moja. Haikupeleki hadi robo.

#9 Rangi_na_Jembe
Naomba niingie upande wa pili, maana uzi unaelekea kumhukumu mtu kwa kosa ambalo hakulifanya.

Yeye hakulima ili auze. Mavuno yote kwa bei ya wakati ule hayakufika hata dola 100. Alichokuwa anafanya ni kuweka suke na ardhi ya dola bilioni 4.5 kwenye fremu moja ya picha ili mtazamaji mwenyewe afanye hesabu. Zile punje baadaye ziliingia kwenye maonyesho kuhusu kumaliza njaa duniani, yaliyoandaliwa na Minnesota Museum of Art, yakazunguka miji 28 kati ya 1987 na 1990. Watu walichukua mbegu wakaenda kupanda kwao.

Na si mara yake ya kwanza kushika mbegu. 1968 alipanda mpunga Sullivan County, New York, katika kazi yake ya Rice/Tree/Burial. Baada ya ngano akafanya mlima wa miti Finland, miti 11,000 imepandwa na watu 11,000, kila mti una mtu wake. Ukipima hayo kwa gunia kwa ekari utakosa mengi.

#10 Hesabu_Kali
@Rangi_na_Jembe mkuu, umetuletea tatizo kubwa kuliko mavuno. Soma #8 tena. Kama mbegu ilikuwa na fugwe ya masizi, na masuke yaliondolewa baada ya kuchanua, basi punje zilizogawiwa miji 28 zilikuwa na abiria ndani.

#11 Rangi_na_Jembe
Kama. Hujui ni fugwe ya aina gani, na mbegu iliyovishwa dawa kabla ya kupanda haiambukizi. Na punje iliyokaa miaka mitano hadi minane kwenye joto la ukumbi wa maonyesho nayo uotaji wake unashuka sana. Pima kwanza: punje 100 kwenye karatasi yenye unyevu, siku 7, hesabu zilizoota.

#12 Ng'ombe_wa_Hanang
Mnaongelea makabiliano ya ngano na fedha, sawa. Miaka hiyohiyo huku kwetu ngano ilikuwa inakabiliana na ng'ombe.

Mbuga za Basotu, Hanang, NAFCO, shirika la kilimo la serikali ya Tanzania, ilikuwa na mashamba saba ya ngano kwa msaada wa Kanada, kila moja kama ekari 10,000. Trekta kubwa, kombaini, mbegu bora. Ardhi ile ilikuwa malisho ya Wabarabaig, na yale mabonde ya udongo mzito ndiyo yaliyokuwa yanabeba mifugo wakati majani yanapokauka kwingine. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani dhidi ya NAFCO, kikashinda Mahakama Kuu, halafu 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua.

Denes aliweka ngano mahali ambapo pangejengwa benki, watu wakapiga makofi. Hanang iliwekwa mahali ambapo mtu anachunga na ana makaburi ya wazee wake. Mmea uleule. Mimi nikiona suke zuri kwenye picha nauliza kwanza hapo palikuwa na nani.

#13 Mpini_Mrefu
@Ng'ombe_wa_Hanang hoja nzito, ila Battery Park hapakuwa na mtu. Ni ardhi iliyotengenezwa kwa kujaza mto Hudson, sehemu ya kifusi ilitoka kwenye msingi wa World Trade Center. Hakuna aliyehamishwa pale isipokuwa samaki.

#14 Ng'ombe_wa_Hanang
Ndiyo maana nikasema nauliza kwanza. Pale jibu ni samaki. Basotu jibu ni tofauti.

#15 Chumvi_Kidogo
Hilo la mto mmelipita haraka. Hudson pale chini ni mdomo wa bahari, maji ya chumvi yanapanda na kushuka. Kifusi kilichokaa kwenye maji hayo kinavuta chumvi juu kila jua linapokausha uso. Ngano inavumilia chumvi hadi kipimo cha desisimensi 6 hivi kwa mita, ikizidi hapo mavuno yanaanza kushuka, na inapoota huwa dhaifu zaidi. Dalili: ncha za majani zinaungua, mimea mifupi kwa mabaka, huku pazuri, hatua mbili pabaya.

Na zege. Vumbi la saruji linapandisha pH, kipimo cha uchachu wa udongo, juu ya 8. Hapo chuma, zinki na manganizi zinafungwa, majani machanga yanakuwa na mistari ya njano huku mishipa ikibaki kijani. Unaweza kumwaga UREA hadi uchoke, rangi hairudi. Unapiga salfeti ya zinki kwenye majani, nusu kilo hadi kilo moja kwa ekari, ndipo unaona mabadiliko.

#16 Bibi_Shamba_Narok
Kuhusu mbolea, Chumvi yuko sawa kwamba haikuwa kikwazo. Tani moja ya punje inaondoka na kilo 20 za naitrojeni. Kilo 454 zinataka 9 au 10. Mfuko mmoja wa UREA una 23. Hata kama nusu ilipotea, mfuko mmoja ungetosha mavuno yale yote.

Ila naitrojeni nyingi ina madhara mengine: ubwiri unga. Majani yakiwa laini na mazito, hewa ina unyevu wa baharini, joto 15 hadi 22, ule unga mweupe unapanda kutoka majani ya chini. Ukifika jani la bendera, lile la juu kabisa chini ya suke, umeharibu jiko la mmea. Kama walichelewa kupiga dawa siku kumi tu, hapo kuna upungufu wa kutosha.

#17 Hesabu_Kali
Sasa hapo bibi shamba unajipinga. Ubwiri unapenda shamba lililosongamana. Kwenye #5 tumeona masuke 17 kwa mita. Shamba chakavu hivyo upepo unapita, ubwiri unatoka wapi?

#18 Bibi_Shamba_Narok
Masuke 17 ni wastani wa shamba zima, mwanangu, na ni kwa umbo ulilolichora wewe. Soma #15: mabaka. Kwenye baka zuri masuke yanaweza kuwa 70 na ubwiri unajaa, kwenye baka bovu hakuna kitu. Picha zinapigwa kwenye baka zuri.

#19 Mchokozi_wa_Pwani
Njiwa na shomoro wa New York hamjawasingizia bado, wale wako kazini tangu alfajiri. Shukuruni hakukuwa na kwelea kwelea. Ndege mmoja gramu 10 kwa siku, kundi la elfu hamsini lingemaliza mavuno yote ya Denes kabla jua la siku ya kwanza halijazama.

#20 Kifusi_Mtaani
Hahaha. Kilo 500 kwa siku, hesabu imekubali.

Wakuu, sababu ya kuuliza haya ni vitendo. Kuna kikundi cha wasanii Dar kinataka kufanya kitu cha namna hii kwenye kiwanja kilichojazwa kifusi, mita 10 kwa 10. Wanataka ngano. Mnawaambiaje?

#21 Seremala_Gichuru
Waambieni waache ngano. Dar usiku joto halishuki vya kutosha, itatoa suke fupi lenye punje tatu. Wakubali mtama.

#22 Mpini_Mrefu
Kwanza wajue wamesimama juu ya nini. Chimba mashimo matatu ya sentimita 50, usichague sehemu nzuri. Jaza maji. Yakiwa bado yamo kesho yake, chini pameshindiliwa, inabidi sururu hadi sentimita 30. Weka kijiko cha udongo kwenye kisosi, dondoshea siki: ikitoa povu kuna saruji au chokaa. Halafu chukua kilo moja iliyochanganywa kutoka sehemu kumi, peleka TARI Mlingano (kituo cha utafiti wa udongo, Tanga) au maabara ya udongo ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro), wapime pH, chumvi na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Hilo la risasi wasiliruke. Rangi za zamani na betri zimefukiwa kwenye vifusi vingi.

Udongo mpya: sentimita 25 juu ya mita za mraba 100 ni mita za ujazo 25, tipa tatu na kidogo. Wasikubali udongo mwekundu wa chini unaouzwa kwa ajili ya kujazia msingi, huo hauna uhai. Samadi iliyoiva kilo 5 kwa mita ya mraba, nusu tani kwa eneo lote, ichanganywe kwenye sentimita 15 za juu wiki mbili kabla ya kupanda.

Mtama aina ya Macia, mfupi, siku 105 hadi 120. Mstari hadi mstari 75, shimo hadi shimo 30, kina 3 hadi 4. Inaingia mistari 13, mashimo 430 hivi. Weka mbegu tano sita kwa shimo, baada ya wiki mbili punguza ubakize miche miwili. Wapande masika yanapoanza. Wakichelewa, wafunge vyandarua vya ndege punje zikiwa na maziwa.

#23 Chumvi_Kidogo
Naongeza: wasipande mchicha hapo kabla majibu ya risasi hayajatoka. Majani yanabeba uchafu kuliko punje, na vumbi linaloshikilia kwenye jani ni baya kuliko kilichopita kwenye mzizi.

#24 Rangi_na_Jembe
Asante Mpini, hiyo #22 nimeihifadhi. Ila wasanii hao wajue wenzao wamesharudia kazi hii na kila mahali imebadilika. Dalston, London, 2009 ilikuwa kipande kidogo kando ya reli iliyoachwa, wakajenga na kinu. Milano 2015 ilikuwa hekta 5 nzima Porta Nuova, katikati ya maghorofa. Basel 2024 ilikuwa uwanja wa maonyesho ya sanaa. Wakisema mtama wa Dar ni nakala ya Denes, itabidi waeleze mtama unakabiliana na nani.

#25 Ng'ombe_wa_Hanang
Unakabiliana na mwenye kiwanja. Wana hati au wana ruhusa ya mdomo?

#26 Kifusi_Mtaani
Ya mdomo.

#27 Ng'ombe_wa_Hanang
Siku 120 ni nyingi kwa ruhusa ya mdomo. Wapate barua yenye tarehe ya mavuno, kabla ya kuita tipa hata moja.

#28 Hesabu_Kali
Na wapime urefu na upana wa shamba, waandike, ili miaka 40 ijayo tusigombane kama leo. Bado nasema ni uotaji.

#29 Mpini_Mrefu
Kina cha udongo.

#30 Bibi_Shamba_Narok
Tarehe ya kupanda. Kuna mwenye picha ya Juni inayoonyesha mistari kabla haijafunikwa na majani? Tuhesabu machipukizi.